Samadi ya Babu na Mfuko wa Urea: Historia ya Kulisha Mpunga wa Mbugani



Kila msimu nikitaja mbolea huku Mbugani napata jibu lile lile: udongo wa Kyela hauhitaji mbolea, na hiyo ya dukani inaua harufu ya mchele. Jibu hili silidharau. Lina historia yake, na ukiifahamu utaelewa kwa nini jaruba lililomlisha babu yako leo linakupa magunia machache.

Tuanze na ng'ombe. Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alistaajabia migomba na usafi wa nyumba za huku. Baadaye, kati ya 1934 na 1938, watafiti Godfrey na Monica Wilson walikaa Unyakyusa wakakuta ng'ombe wakilala ndani pamoja na watu. Samadi iliondolewa na kupelekwa migombani. Kwenye mashamba ya mazao mengine nyasi zilifukiwa chini ya matuta zioze. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mbolea ya asili ni somo lililoletwa na mradi, mpeleke kwa wazee.

Lakini tazama samadi iliishia wapi: migombani, karibu na nyumba. Mpunga ulishika nafasi yake kama zao la fedha baadaye, katika miaka ya 1920 na 1930, na wachimba dhahabu wa Lupa kule Chunya walikuwa soko mojawapo. Ulipandwa kwenye mabonde yanayofurika, na hakuna aliyebeba samadi mpaka huko. Haikuwa lazima. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zilishuka na tope jipya kutoka milimani kila masika, na shamba likichoka lilipumzishwa. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi kwamba udongo wetu hauhitaji mbolea. Wakati ule ulikuwa kweli.

Sasa piga hesabu. Tani moja ya mpunga, pamoja na mabua yake, huondoa shambani kilo 15 hadi 20 za naitrojeni. Mabua peke yake hubeba sehemu kubwa ya potasiamu. Ukivuna, ukachoma mabua au ukaruhusu mifugo iyamalize, na mwaka unaofuata ukalima palepale bila kupumzisha, tope la mto halitoshi kulipa deni hilo. Na mashamba yasiyofikiwa na mafuriko hayapati hata hilo tope.

Mfuko wa dukani nao una historia, na ni historia ya kuja na kuondoka. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972. Serikali ikatoa ruzuku, na mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ikawa ndiyo inayotumia mbolea nyingi kuliko mingine nchini, hasa kwenye mahindi. Mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Ruzuku nayo ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha. Ikarudi kwa mtindo wa vocha msimu wa 2008/09, mahindi na mpunga vikiwemo, kisha vocha nazo zikaisha. Bei ilipopaa mwaka 2021 na 2022 wengi waliacha kabisa kununua, ndipo ikaja ruzuku ya sasa ya kujiandikisha na kupewa namba, iliyoanza Agosti 2022.

Aliyeegemea mfuko peke yake ameangushwa zaidi ya mara moja katika maisha ya mtu mmoja. Ila mwenye samadi tupu naye asijisifu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kuzipata kwa samadi kavu unahitaji tani moja hadi mbili au zaidi, na nyingine hutoka polepole wakati mpunga una njaa leo.

Kule Rothamsted, Uingereza, shamba moja la ngano limekuwa likipimwa tangu 1843: sehemu inalishwa samadi, sehemu mbolea ya kiwandani. Sehemu za samadi zilizoongezewa naitrojeni ya kiwandani ndizo zinazotoa mavuno makubwa zaidi. Ngano si mpunga, lakini kanuni ni ileile: samadi hushika maji na virutubisho, mfuko hujaza pengo kwa wakati.

Na harufu? Harufu ya mchele wetu hutoka kwanza kwenye mbegu. Kinachoipunguza sana ni kukausha kwenye joto kali na kuhifadhi muda mrefu. Wafanyabiashara, hapo nawatazama ninyi. Ninavyoona mimi, lawama kwa urea ilianza kwa sababu nyingine: mbegu zetu za kienyeji ni ndefu, ukizizidishia naitrojeni zinalala, punje zinalowa na kuharibika. Hilo ni kosa la kipimo.

Kwa hiyo kwa ekari moja, weka tani 2 za samadi au mboji iliyoiva wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, uichanganye na udongo. Isiwe mbichi, wala mabua makavu yasifukiwe siku ya kupanda, maana yakioza hunyang'anya mpunga naitrojeni na utauona umegeuka njano. Kisha kukuzia: kwa mbegu ndefu za kienyeji anza na kilo 25 tu za urea, nusu wakati wa kutoa machipukizi, nusu mpunga unapoanza kutunga mimba. Usimwage kwenye maji mengi yanayotembea. Utakuwa unarutubisha ziwa. Subiri yapungue, ubaki na tope lenye maji kidogo. Palilia kwanza.

Huna ng'ombe? Una maganda ya kakao. Yana potasiamu nyingi, ambayo urea na DAP hazina kabisa. Usiyaache yaoze chini ya miti, yanaeneza ugonjwa wa matunda kuoza. Yakatekate, yalundike mbali na shamba la kakao pamoja na mabua ya mpunga na majani mabichi, funika, geuza kila baada ya wiki tatu. Lundo likianzishwa sasa, litakuwa limeiva kabla ya jembe la kwanza kuingia jarubani.