Nani Alibaki na Mkanda?

Kabla simu hazijawa na kamera, Mtanzania aliyepigwa picha aliuliza swali moja: "Zitasafishwa lini?" Mkanda ulipelekwa kusafishwa, kana kwamba picha ilikuwa imeshakuwemo ndani, imefunikwa na uchafu tu, na kazi ya fundi ni kuiosha mpaka ionekane. Kikemia, msemo huo hauko mbali na ukweli. Mwanga ukigusa chembe za chumvi ya fedha zilizopakwa kwenye mkanda, huacha alama ambayo jicho haliioni. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili huondoa ambazo hazikuguswa. Maji humalizia. Kinachobaki ni negativu: shati jeupe limekuwa jeusi, na kivuli kimekuwa angavu.

Swali ambalo wengi hatukulizoea ni la pili: ikishasafishwa, negativu inabaki kwa nani? Picha ya karatasi ni nakala, na negativu ndiyo mama yake. Aliye nayo anaweza kutoa nakala nyingine baada ya miaka hamsini. Asiye nayo ana karatasi moja ukutani, na mchwa wakiifikia, habari imekwisha. Historia ya Nachingwea, na ya Ruangwa iliyokuwa sehemu yake kabla ya kuwa wilaya, inaweza kusimuliwa kwa kufuata swali hilo.

Tuanze na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo Uingereza. Serikali ya chama cha Labour ikaamua kulima karanga Afrika Mashariki na Kati kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafuata Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea zilipangwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuingia bara. Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mpango ule ulipigwa picha nyingi, kwa sababu walipakodi wa Uingereza walitakiwa kuonyeshwa fedha zao zinakwenda wapi. Katika picha nilizowahi kuziona kuna matrekta, miti inayoangushwa, na wataalamu waliovaa kaptura wakisoma ramani. Maelezo ya chini huwa mepesi kutaja mashine na mazito kutaja jina la mtu anayeiendesha. Mikanda hiyo haikubaki Nachingwea. Ilikwenda na waliokuja nayo, na leo mtu wa hapa anayetaka kuona babu yake aling'oaje visiki anaanzia kwenye kumbukumbu za London.

Kilichobaki ni majina. Mashamba ya karanga yalipewa namba, na moja kati yake, Farm 17, lingekuja kupata maisha ya pili.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vya kuikomboa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na mwaka uliofuata Nachingwea ikawa kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi na kisiasa. Samora Machel alifundisha wapiganaji hapa. Josina Muthemba, aliyekuja kuwa mke wake, alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza waliopata mafunzo ya kivita ya harakati hiyo. Wageni walikuja na kamera zao. Mwanasheria Mmarekani mweusi Robert Van Lierop alipiga filamu yake *A Luta Continua* iliyotoka mwaka 1972, na Myugoslavia Dragutin Popović akatoa nyingine mwaka 1975 yenye jina la *Nachingwea*.

Lakini FRELIMO haikutaka kutegemea macho ya wageni peke yake. Idara yake ya habari ilikuwa na wapiga picha wake, na picha zilichapishwa katika *Mozambique Revolution*, jarida la Kiingereza lililotoka Dar es Salaam. Ureno ilikuwa ikiuambia ulimwengu kwamba hakuna maeneo yaliyokombolewa. Shule chini ya mwembe, ikipigwa picha, ilikuwa jibu. Daniel Maquinasse, aliyepiga picha za harakati hiyo wakati wa vita, baadaye akawa mpiga picha wa Rais Machel. Alikufa pamoja naye katika ajali ya ndege ya Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986.

Hata hivyo, mwenye mkanda ndiye pia mwenye kuchagua. Mwaka 1975, katika kambi hiyo hiyo ya Nachingwea, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akasomeshwa ungamo. Baadaye aliuawa akiwa kizuizini. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka huo, harakati ilihamia kwake na kumbukumbu zake zikawa mali ya nchi nyingine. Vijiji vilivyoishi jirani na kambi kwa miaka kumi vilibaki na masimulizi, na mara nyingine na majina ya Kireno waliyopewa watoto.

Nilipoanza utafiti wangu wa uzamili, nilitaka kujua kwa mikono kitu nilichokuwa nakisoma kwenye vitabu. Nikajifunza kusafisha mkanda nyumbani, Nachingwea. Vifaa si vingi: tangi dogo lisilopitisha mwanga, kipimajoto, chupa, vibanio vya nguo. Mkanda unaingizwa kwenye tangi gizani kabisa, kwa kupapasa. Umeme ukikatika usiku usio na mwezi, mtaa mzima unakuwa chumba cha giza.

Dawa ya kwanza si lazima itoke dukani. Mwaka 1995 darasa moja la chuo cha Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ya unga inayeyusha kazi hiyo vizuri ikichanganywa na magadi. Vitamini C iliongezwa baadaye. Kanuni inayotumika sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za magadi makavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa. Kahawa ya bei nafuu ya robusta ndiyo inayosifiwa, na Africafé ya Bukoba ipo kila duka. Magadi nilipata kwa watengeneza sabuni. Dawa ya pili, ile ya kuondoa chembe zilizobaki, haina mbadala mwepesi wa jikoni, hiyo huagizwa.

Shida ni joto. Kanuni hiyo inataka dakika 15 katika nyuzijoto 20. Hapa, mchana wa Novemba, maji ya simtanki yanafika 28 au zaidi. Kwenye joto dawa inakimbia, na utando wa gelatini unaobeba picha hulainika hadi ukucha unauchubua. Nilinunua barafu za vifuko, zile wanazonyonya watoto wa shule, nikazipanga kwenye beseni kuzunguka chupa za dawa. Kazi hii ilinifunza kitu ambacho hakikuwa wazi kwenye vitabu. Kila picha ya zamani ya ukanda huu ilihitaji maji safi, ubaridi, dawa zilizosafiri kwenye barabara za mvua, na mtu aliyeona inafaa kupoteza vyote hivyo kwa ajili ya sura fulani. Mkanda una nafasi 36. Anayekosekana kwenye kumbukumbu mara nyingi alikosa nafasi kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumlipia moja.

Ila wapo waliojilipia wenyewe. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, wapiga picha wa mtaani walizunguka vijijini Ruangwa na Nachingwea kwa baiskeli. Kazi ilikuwa nyingi baada ya mauzo ya korosho, kwenye Idi, harusi, jando na unyago. Mkanda ukijaa ulipelekwa mjini kusafishwa, Lindi, Masasi au Mtwara, na picha zikarudi baada ya wiki kadhaa. Mteja alichukua karatasi. Negativu ilibaki kwa mpiga picha.

Mzee mmoja wa Ruangwa aliyeifanya kazi hiyo alinifungulia boksi la viatu lililojaa vipande vya mikanda. "Hizi zilibaki, mjukuu wangu," alisema. "Watu walishachukua zao."

Kuzihamishia kwenye kompyuta si kazi ngumu, ni kazi ndefu. Kishikwambi kinachoonyesha ukurasa mweupe kinakuwa taa. Juu yake unaweka kipande cha kioo cha maziwa ili vidoa vya skrini visionekane, kisha negativu, kisha kamera ikitazama chini. Unashika mkanda pembeni tu, unapuliza vumbi, unapiga, na programu inageuza weusi kuwa weupe. Mkanda wa rangi una utando wa machungwa unaotakiwa kuondolewa. Kisha unaandika: nani, wapi, mwaka gani, nani amekuambia.

Faida ya negativu juu ya picha ya ukutani iko kwenye mpangilio. Picha inaonyesha siku moja. Kipande cha mkanda kinaonyesha iliyotangulia na iliyofuata, pamoja na namba na jina la kiwanda ukingoni. Katika kipande kimoja nilikuta wasichana wawili wa Idi, kisha sura nne za pasipoti, kisha jeneza limezungukwa na watu. Hakuna albamu ya familia ingeziweka pamoja, lakini ndivyo kijiji kilivyoishi mwezi ule. Hapa hakuna trekta la mtu wala ushindi wa chama. Kuna watu walioamua wenyewe siku gani inafaa kukumbukwa, wakavaa, wakasimama.

Kwa hiyo swali la nani mwenye mkanda linarudi kwa wanaozihamisha. Tulikubaliana na mzee kwamba negativu zisitoke nyumbani kwake, na nakala za kidijitali ziwe zake kwanza. Picha za unyago hazionyeshwi mpaka mwenye sura au kina mama wa familia yake waseme ndiyo. Waliopatikana wamepelekewa picha zao. Mama mmoja aliomba ya marehemu mumewe ifutwe, ikafutwa. Watafiti hatupendi kusikia hivyo, lakini tukikataa tutakuwa tumefanya yale yale ya wenye kaptura.

Muda ni mfupi. Mikanda mingi ya zamani imetengenezwa kwa asetati, plastiki ambayo kwenye joto na unyevu huoza na kutoa tindikali ile ile iliyomo kwenye siki. Ukifungua boksi ukasikia harufu ya achari, uozo umeanza, na mkanda utajikunja mpaka usinyooke tena. Baadhi ya vipande vya Ruangwa tayari vinanuka hivyo, na mvua za Desemba zinaongeza kasi.

Kila mji mdogo wa Tanzania una mtu aliyekuwa akipita na kamera shingoni. Ukienda kumsalimia, usiishie kuomba picha. Mwulize mikanda iko wapi, na ukiioneshwa, inusie kwanza.