Kinanda cha Santuri Kusini

Kinanda cha santuri kilizaliwa kama kitu cha kuchezea watoto. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alisajili uvumbuzi wake 1887. Miaka miwili baadaye, kiwanda cha midoli cha Kämmer & Reinhardt kule Waltershausen, Ujerumani, kikaanza kuuza kimashine cha bei nafuu cha kuzungushwa kwa mkono, na visahani vyake vidogo. Mkono ukichoka, sauti ililegea na kunguruma. Ukiharakisha, mwimbaji alilia kama mtoto. Dawa ilipatikana 1896, fundi Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey, alipokitilia springi ya kujazwa ufunguo kama saa.

Kwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, springi hiyo ilikuwa na maana kuliko tarumbeta lililong'aa juu ya kasha. Vijiji vya Ruangwa na Nachingwea havikuwa na umeme, na kinanda hakikuuhitaji.

Kilichokula fedha ni sindano. Sahani ya lakiri, yaani utomvu wa wadudu wa India, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulikwisha kwa dakika kama tatu. Kila upande ulidai sindano mpya ya chuma. Aliyerudia sindano ya zamani alikuwa anaikwangua sahani yake mwenyewe.

Masikio ya kusini yalikwisha kuzoea ala za ng'ambo, kwani vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vilishindana Lindi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini sahani ilileta kitu kingine: mwimbaji ambaye hayupo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Binti wa ukoo wa kitumwa, aliyewahi kuuza vyungu mitaani, sasa sauti yake iliweza kufika bara bila yeye kupanda jahazi. Mwandishi Shaaban Robert hakukosea alipoona maisha yake yanastahili kitabu.

Kisha zikaja karanga. Mpango wa Waingereza ulioanza 1947 ulitaka mashamba 80 makubwa Tanganyika, na 55 kati yake yawe kusini. Nachingwea ikafyekwa kwa matrekta, na 1949 reli ikaifikia kutoka pwani. Vibarua wa makabila mengi walikutana pale, na lugha iliyowaunganisha ni ileile iliyokuwa ndani ya sahani za Siti.

Mpango ulifutwa Januari 1951. Mwaka huohuo kituo cha redio kilianza Dar es Salaam, ingawa mwanzoni mawimbi yake hayakuvuka mbali na mji, hivyo sindano na springi zilibaki na kazi yake huku kusini. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipoweka kambi yao Nachingwea katika miaka hiyo, habari za vita vyao zilirushwa kwa redio kutoka Dar es Salaam. Na Ruangwa ilipomegwa kutoka Nachingwea kuwa wilaya, katika miaka ya 1990, muziki uliouzwa madukani ulikuwa wa kaseti.