Kilima cha Majina Matatu

Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Dal, mjini Srinagar, kila ukiinua macho unakiona kilima hiki. Kinaupita mji kwa mita 300 hivi, na kileleni limekaa hekalu dogo la mawe, la mungu Shiva. Wahindu hukiita kwa jina la Shankaracharya. Waislamu wa Kashmir hukiita Takht-e-Sulaiman, kiti cha enzi cha Nabii Suleiman. Jina la kale zaidi ni Gopadri, kilima cha Gopa.

Kalhana, aliyemaliza kuandika Rajatarangini, tarehe ya wafalme wa Kashmir, mnamo 1150 hivi, anasema mfalme Gopaditya alijenga hekalu hapo juu na kuwagawia Mabrahmini ardhi chini yake. Miaka anayompa mfalme huyo ni ya mbali mno kuaminika, na wajuzi wa majengo hawajaafikiana kuhusu umri wa mawe yaliyopo. Lakini Gopa hakupotea: mtaa ulio chini ya kilima mpaka leo unaitwa Gupkar.

Kilima hupandwa kwa ngazi za mawe zipatazo 240. Juu, msingi una pembe nane, ila ukiingia ndani unajikuta katika chumba cha duara, kidogo, chenye lingamu nyeusi, alama ya Shiva, katikati. Sultani Zain-ul-Abidin alilikarabati hekalu katika karne ya 15, na miaka ya 1840 gavana Mwislamu wa utawala wa Masingasinga, Ghulam Mohi-ud-din, akalitengeneza paa. Kwangu mimi, ukarabati huo unalieleza hekalu hili kuliko ugomvi wowote wa majina.

Jina la Shankaracharya ni la mwanafalsafa Adi Shankara, mzaliwa wa Kalady, Kerala, kusini kabisa mwa India, ambaye wengi humweka karne ya 8. Alifundisha kwamba uhalisia ni mmoja tu, Brahman, na kwamba nafsi ya mtu si kitu mbali na huo. Mapokeo yanasema alifika Kashmir akiwa na wanafunzi wake na kukaa kilimani hapa.

Wakashmiri wana kisa chao juu ya ugeni huo. Wageni walikuwa na kuni lakini hawana moto, nao wameketi na njaa. Mwanamke mmoja akashangaa: mwalimu mkubwa namna hii, na moto umemshinda? Akatwaa vijiti viwili, akavisugua, moto ukawaka. Yasemwa kisha walijadiliana siku 17 juu ya Shakti, nguvu ya kike inayoutia ulimwengu uhai, na aliyekubali kushindwa ni Shankara. Ndipo, kwa mapokeo hayohayo, akatunga Saundarya Lahari, utenzi wa kumsifu mungu wa kike. Wataalamu wengi wana shaka kama utenzi huo ni wake. Hata hivyo nakipenda kisa hiki, kwa sababu watu walioamua kukipa kilima chao jina la mgeni hawakuficha kwamba mgeni huyo alikuja kufundisha akafundishwa, tena jikoni.

Mwaka 1925 alifika mgeni mwingine kutoka kusini, Maharaja wa Mysore, akaliwekea hekalu taa za umeme. Tangu hapo, giza likiingia, wapiga makasia wa Ziwa Dal huiona nuru ikining'inia juu ya mji.