Jukwaa na Jicho Linalotazama

Leo tutasoma habari za jukwaa, yaani mahali wanapochezea waimbaji na wachezaji. Tutaona jinsi lilivyobadilika kwa sababu ya jicho linalolitazama.

Tuanze hapa kwetu. Ngoma inapochezwa kijijini, iwe Mbeya au Iringa, hakuna anayejenga ukuta wa nyuma. Watu wenyewe ndio ukuta. Huzunguka uwanja, na kila anayetazama huitikia wimbo na kupiga makofi. Wa Mbeya mna Mlima Loleza nyuma yenu. Wa Iringa mna jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linenalo. Mapambo hayo hayana gharama.

Katika majumba ya michezo ya Ulaya mambo yalikuwa mengine. Watazamaji walikaa upande mmoja tu. Mlima hauwezi kuingia ndani ya nyumba, basi fundi aliuchora juu ya kitambaa kikubwa. Mahali pa hadithi palipobadilika, pazia lilishushwa, watu wakangoja.

Kisha ikaja televisheni. Tarehe 31 Machi 1957, kampuni ya CBS ya Marekani ilionyesha mchezo wa nyimbo uitwao Cinderella, hadithi ya msichana aliyeteswa na mama wa kambo. Mwimbaji mkuu alikuwa Julie Andrews. Watazamaji walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Mchezo ulitangazwa papo kwa papo kutoka studio ya New York. Aliyekosea hakuwa na nafasi ya kurudia.

Mapambo ya jukwaa yalibuniwa na mume na mke, William na Jean Eckart. Kazi ilikuwa ngumu. Studio ilikuwa ndogo, na mtazamaji wa nyumbani hawezi kuonyeshwa pazia akangoja. Kwa hiyo sehemu mbalimbali za hadithi zilijengwa katika studio hiyo moja, na kamera ndizo zilizohama. Kila ukuta ulipaswa kuachia kamera njia ya kupita, na kamera moja isionekane katika picha ya nyingine.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1960 serikali yetu iliunda kikundi cha ngoma cha taifa. Ngoma zilizochezwa katika duara zikapangwa mstari au nusu duara, ili walioketi mbele waone. Televisheni ilianza Zanzibar mapema katika miaka ya 1970, na Bara mwaka 1994. Kamera nayo ilitaka duara lifunguliwe.

Je, tumepata au tumepoteza? Tumepata, maana mtu wa Mbeya aweza kuona ngoma ya Mtwara bila kupanda basi. Lakini pia tumepoteza, maana yule aliyekuwa mwitikiaji amekuwa mtazamaji tu. Kamera ina jicho, lakini haipigi makofi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini pazia halikufaa katika mchezo wa mwaka 1957?
2. Ngoma ya kwenu huchezwa katika duara au mstari? Kwa nini?
3. Kamera ikija kijijini kwenu, duara lifunguliwe upande gani? Nani aamue, mwenye kamera au wenye ngoma?