Tezo ya Mgeni: Wachongaji wa Mwala na Suala la Utangamano wa Kitamaduni Pwani

Uhamaji wa Wakamba kuelekea Pwani ni mkongwe kuliko mipaka ya kikoloni. Misafara yao ya pembe za ndovu ilifika Mombasa katika karne ya 19, na Johann Ludwig Krapf alipoanzisha kituo chake Rabai mwaka 1846, tayari Wakamba walikuwa wamelowea katika maeneo jirani. Hata hivyo, uhamaji uliochipuka Mwala una sura ya pekee, kwa kuwa kiini chake ni sanaa.

Masimulizi ya Wamunyu, katika eneo la Mwala, humtaja Mutisya Munge kuwa mwasisi wa uchongaji wa kibiashara. Husimuliwa kwamba alijifunza kuchonga vinyago huko Tanganyika, alikopelekwa kuwatumikia Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), kisha akarejea na kuwafunza jamaa zake. Masimulizi haya yana matoleo mawili: moja huwataja Wazaramo kuwa walimu wake, jingine Wamakonde. Mwanahistoria atataka kujua lipi ni sahihi. Mhakiki wa fasihi simulizi atazingatia zaidi lile ambalo matoleo yote mawili yanakubaliana kwalo. Visasili vingi hudai usafi wa chimbuko. Hapa jamii inakiri kwamba ustadi unaoitambulisha ulitoka kwa wengine, ukapandikizwa juu ya uchongaji wake wa awali wa vigoda na vyombo vya matumizi.

Vizazi vilivyofuata viliipeleka sanaa hiyo mijini. Mwaka 1963 chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilianzishwa Changamwe, Mombasa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huifanya kazi kuwa lango la kuingilia katika jamii ya wenyeji. Mchongaji, lakini, hakungoja jembe. Alikuja na tezo yake. Alifanya kazi miongoni mwa wenziwe, Kikamba kikiwa lugha ya karakana na Kiswahili lugha ya soko, na wanunuzi wakuu wakawa watalii. Aidha, uchongaji wa Waswahili, kama unavyodhihirika katika milango ya Lamu, umeegemea nakshi za maua na maumbo ya kijiometri, si sura za watu na wanyama. Kwa hiyo mafundi wa mbao waliishi mji mmoja pasi na sanaa zao kukutana.

Udhaifu wa ujirani wa namna hiyo ulibainika Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na wakazi wenye asili ya bara kulengwa. Chanzo cha ghasia hizo kilikuwa siasa za uchaguzi na manung'uniko ya ardhi, wala si haki kuzielezea kwa tofauti za kitamaduni pekee. Hata hivyo, istilahi "watu wa bara" iliwakusanya pamoja aliyezaliwa Pwani na aliyewasili jana.

Kwa kawaida huulizwa iwapo mhamiaji amejifunza mila za wenyeji. Masimulizi ya Wamunyu yanadai swali la pili liulizwe: je, wenyeji wamemtaja mhamiaji katika masimulizi yao wenyewe? Wamunyu iliwataja walimu wake wa kigeni. Fasihi ya Pwani inastahili kuchunguzwa kwa kigezo hicho hicho.