Kilicho Chini ya Mnyama: Historia ya Matandiko Kajiado na Kitengela

Udongo wa Kitengela ni mweusi na mzito, ule ambao Wakenya huuita udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono. Mvua ikinyesha hufura, hushika maji wala hauyaachii upesi. Mnyama akifungiwa juu yake bila kutandikiwa, mkojo hauna pa kwenda, na maradhi hufuata. Swali la nini cha kumtandikia ni la zamani katika nyanda hizi, ingawa jibu lake limebadilika kila umiliki wa ardhi ulipobadilika.

Kwa Wamaasai, tandiko la ng'ombe lilikuwa samadi ya ng'ombe wenyewe. Ng'ombe walilala katikati ya enkang, boma la nyumba lililozungushiwa miiba, na kila usiku uliongeza tabaka. Jua la mchana liliikausha samadi, kwato zikaisaga ikawa unga laini, na unga wa jana ukafyonza unyevu wa leo. Katika kiangazi mpango huu hauna kasoro kubwa. Masika ndiyo huuvuruga: samadi hugeuka uji wa kufika vifundoni, kwato hulainika na kuoza. Ndama wachanga hawakuachwa humo. Walilazwa ndani ya nyumba, kwenye kichumba kiitwacho olale, karibu na moto, mahali pakavu kuliko pote. Watu nao walilala juu ya ngozi za ng'ombe zilizotandazwa juu ya fito.

Boma lilipochafuka kupita kiasi, watu walihama wakajenga kwingine. Kuhama ndiko kulikokuwa usafi wa zizi, na ni kosa kukuona kama uzembe wa kutofagia. Samadi iliyoachwa nayo haikupotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba huko Narok, jirani na Kajiado, mazizi ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, bado yanajulikana kwa mabaka ya nyasi nono yaliyoota juu yake.

Nyoka alikuwa na nafasi yake kwenye sakafu zile. Alfred Claud Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya imani kwamba roho ya oloiboni, yaani mganga wa Kimaasai, au ya tajiri aliyekufa hugeuka nyoka, kisha hurudi bomani kuwaangalia watoto wake. Nyoka wa namna hiyo hakuuawa. Mwanamke akimkuta nyumbani alimmiminia maziwa chini ayalambe.

Kuhama kulianza kubanwa na mikataba ya 1904 na 1911, iliyowaondoa Wamaasai katika malisho yao mengi na hatimaye kuwarundika kusini. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela, yenye hekta zaidi ya 18,000 na wanachama 214, iligawanywa mwaka 1988. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na viwanda vya Athi River, hatua chache kutoka Kitengela, vikavuta wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Wenye ardhi waliuza, wanunuzi wakakata ploti. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikawahesabu 1,117,840. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hana pa kuhamishia zizi. Ukavu ambao zamani ulifuatwa mbali sasa unaletwa kwa gunia.

Ndani ya gunia hilo mna maranda. Fundi akipitisha randa juu ya ubao, maranda huanguka yamejikunja, mepesi, yenye nafasi nyingi za kushika maji. Vumbi la msumeno ni rahisi zaidi kupatikana, lakini hushikamana likilowa na huingia mapafuni. Wafugaji wa kuku hutandaza maranda kwa kina cha sentimita kumi hivi, na vifaranga wachanga huwekewa magazeti juu yake siku za mwanzo ili wasiyadonoe wakidhani ni chakula. Kipimo cha unyevu ni kiganja: chota, finya, fungua. Yakibaki donge, yamelowa, na amonia itawachoma kuku macho. Yakitimua vumbi, yamekauka mno. Yaliyovunda hayafai kabisa, kwa kuwa ukungu wake huua vifaranga kwa ugonjwa wa mapafu.

Nyoka wa kufugwa wana historia fupi zaidi. Bustani ya nyoka ya Nairobi, kando ya jumba la makumbusho, ilifunguliwa mwaka 1961, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaka kila anayefuga nyoka awe na kibali. Matatizo ya sakafu, hata hivyo, ni yaleyale ya banda la kuku. Nyoka hulaza tumbo lake lote chini, kwa hiyo tandiko lenye majimaji humsababishia vidonda kwenye magamba; likiwa la chembechembe anaweza kulimeza pamoja na panya. Gazeti ndilo salama zaidi kwa nyoka mgeni au mgonjwa: hufyonza, huonyesha uchafu, hutupwa.

Maranda ya mtarakwa ni ya kuepukwa. Mtarakwa ndio mti wa nguzo za ua kote Kajiado, kwa sababu mafuta yake huwafukuza mchwa. Harufu tamu ya mafuta hayo, ikifungiwa ndani ya kisanduku cha kioo, hugeuka sumu kwa pafu la nyoka. Gunia linalotoka kwa fundi wa nguzo hunuswa kabla ya kununuliwa.