Thaimasi, chuo cha askari wa mwili

Ukitaja tezi barazani, wengi watafikiria ile ya shingoni, au tezi dume ya wanaume. Iko nyingine ambayo ni nadra kutajwa: thaimasi. Inakaa nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Naiandikia leo kwa sababu ikienda mrama huweza kuleta maradhi ambayo huku kwetu Pwani ni rahisi kuyaita jini au jicho la hasidi.

Kazi ya thaimasi ni kufunza. Chembe nyeupe za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi yake huhamia kwenye thaimasi zikiwa hazijui kitu, mfano wa watoto wanaopelekwa chuoni. Humo hupimwa mambo mawili: kama zinaweza kusoma alama za mwili, na kama hazitaushambulia mwili huo huo. Zaidi ya 9 katika kila 10 hazifuzu, na hufia humo humo. Zinazofuzu huitwa seli T. Baadhi yake ndizo zinazoangamizwa na virusi vya UKIMWI.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua tezi hii ina faida gani. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya utafiti London, aliiondoa kwa panya wachanga, nao wakakosa kinga ya maradhi. Kwa binadamu, thaimasi hufanya kazi kubwa zaidi utotoni. Baada ya kubaleghe hunywea polepole na kujaa mafuta. Kwa mtoto mwenye utapiamlo hunywea mapema, na hiyo ni sababu moja inayomfanya aandamwe na maradhi.

Sasa tuje kwenye hayo maradhi niliyoyataja. Pengine mafunzo huharibika, na askari wakaugeukia mwili. Yako maradhi yanayoitwa maiasthenia gravisi, ambapo kinga ya mwili huziba njia ambayo mishipa ya fahamu hutumia kuamrisha misuli. Kope huanguka, mtu huona vitu viwili viwili, sauti hutokea puani, chakula humkwama kooni. Dalili yake kubwa ni kwamba asubuhi mgonjwa huwa na nafuu, lakini kila akijitumikisha huchoka, na ikikaribia magharibi huwa hoi. Akipumzika, nguvu hurudi. Ndiyo maana wengine humwita mvivu, na wengine husema ameingiliwa.

Wengi wa wagonjwa vijana huwa na thaimasi iliyovimba, na takriban 1 katika 10 ya wagonjwa wote huwa na uvimbe wa saratani au unaokaribia saratani. Mwaka 1936 daktari wa Marekani, Alfred Blalock, alimtoa mwanamke kijana uvimbe wa thaimasi, na udhaifu wake ukapungua sana. Utafiti uliochapishwa 2016 ulithibitisha kuwa hata wagonjwa wengi wasio na uvimbe hufaidika tezi hiyo ikitolewa. Ziko pia dawa, kama piridostigimini, na zile za kutuliza kinga.

Kwa hivyo, ukiona kope za mtu wako zinaanguka jioni na kunyanyuka asubuhi, mpeleke hospitali, mwambie daktari habari hiyo ya saa, na umuulize kuhusu kipimo cha damu na picha ya kifua. Akishajulikana ana maradhi haya, kila anayemtibu aambiwe, maana kwinini tunayotumia kwa malaria na baadhi ya antibiotiki humzidishia udhaifu. Akianza kushindwa kupumua au kumeza, hiyo ni dharura, isingojwe asubuhi.

Sikatazi kisomo. Dua isomwe, na matibabu yatafutwe. Kimoja hakizuii kingine.